Afya: Ugonjwa ulioingia kitabuni bila kipimo na kutoka kwa kura

Tarehe 2 mwezi wa tano mwaka wa 1972, mjini Dallas nchini Marekani, madaktari wa magonjwa ya akili waliokuwa katika mkutano wao wa kila mwaka waliona jambo ambalo hawajazoea kuliona. Mwenzao mmoja aliketi mbele yao akiwa na kinyago cha mpira usoni, nywele za bandia kichwani na koti la sherehe linalompwaya. Mikrofoni aliyopewa ilikuwa imetengenezwa kwa makusudi ili igeuze sauti yake. Alitambulishwa kwa jina la Daktari H. Anonymous, yaani daktari asiyejulikana.

Aliwaambia mambo mawili. La kwanza, kwamba yeye ni daktari wa akili kama wao. La pili, kwamba yeye ni mwanaume anayependa wanaume.

Kwa kufuata kitabu ambacho madaktari wale walikitumia kazini, mambo hayo mawili hayangeweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Kitabu hicho, kinachojulikana kwa herufi DSM, ni orodha ya magonjwa ya akili inayotolewa na chama cha madaktari wa akili wa Marekani, APA. Toleo la kwanza lilitoka 1952 na la pili 1968. Katika yote mawili, mapenzi ya jinsia moja yaliandikwa kuwa ugonjwa, chini ya kichwa cha upotovu wa kijinsia, ukurasa mmoja na watu wanaotamani watoto wadogo. Daktari ambaye angejulikana kuwa na "ugonjwa" huo angeweza kupoteza kazi na hata ruhusa ya kutibu. Mtu aliyekuwa nyuma ya kinyago alikuwa amekwisha kufukuzwa kazi kwa sababu hiyo, na ndiyo maana alikubali kuja kwa sharti la kufichwa.

Jina lake, John Fryer wa Philadelphia, alilitoa hadharani mwaka wa 1994, miaka 22 baadaye.

Mwaka mmoja na nusu tu baada ya siku ile ya Dallas, ugonjwa huo ulifutwa. Hakuna dawa iliyokuwa imepatikana, wala chanjo, wala mashine mpya ya kupima ubongo. Hivyo swali ambalo wengi hawajiulizi ni lile la nyuma yake: uliingiaje kitabuni?

Kabla ya daktari, kasisi na hakimu

Kwa karne nyingi huko Ulaya, jambo hilo halikuwa la hospitali. Lilikuwa dhambi mbele ya Kanisa na kosa mbele ya sheria. Uingereza iliwanyonga wanaume wawili wa mwisho kwa kosa hilo mwaka wa 1835, na adhabu ya kifo ikabaki kwenye sheria zake hadi 1861. Lakini kilichohukumiwa kilikuwa tendo. Mtu alitenda, akakamatwa, akaadhibiwa, kama mwizi anavyoadhibiwa kwa wizi. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu huyo ni wa aina nyingine, mwenye mwili au akili tofauti na wengine tangu kuzaliwa.

Ufaransa ilikwenda njia yake. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1791, baada ya Mapinduzi, iliacha kulitaja kosa hilo, na Ubelgiji ikarithi utaratibu huo wa Kifaransa. Ndiyo sababu sheria za Uganda, Kenya na Tanzania zilipokea adhabu hiyo kutoka mikononi mwa Waingereza, lakini kanuni ya adhabu ambayo Wabelgiji waliileta Kongo haikuwa na kifungu cha namna hiyo. Mara nyingi watu wa eneo hili hubishana juu ya kipi ni cha mababu na kipi ni cha Wazungu, bila kukumbuka kwamba hata Wazungu wenyewe hawakuja na sheria moja.

Daktari anaingia

Daktari aliingia kwanza kupitia mlango mwingine: punyeto. Mwanzoni mwa karne ya 18, mjini London, kijitabu kisicho na jina la mwandishi kilianza kuonya kwamba tabia hiyo inaharibu mwili, na palepale kikawaelekeza wasomaji mahali pa kununua dawa yake. Kilikuwa biashara. Lakini mwaka wa 1760 Samuel-Auguste Tissot, daktari wa Lausanne huko Uswisi aliyeheshimiwa sana, alichapa kitabu cha Kifaransa juu ya jambo hilohilo, akasema kwamba mbegu ya mwanaume ikipotea ovyo, nguvu za mwili na ubongo hupotea pamoja nayo. Kuanzia hapo, kilichokuwa dhambi ya siri kikawa chanzo cha wazimu, upofu, kifafa na kifua kikuu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, hospitali za Ulaya na Marekani ziliandika punyeto kuwa sababu ya wagonjwa wao kupata wazimu.

Ushahidi ulikuwa upi? Wagonjwa waliofungiwa kwenye nyumba za wendawazimu walionekana wakifanya tendo hilo. Hakuna aliyewahesabu watu wa nje wenye akili timamu waliolifanya pia.

Makosa ya namna hiyo yana gharama. Mjini London, daktari wa upasuaji Isaac Baker Brown aliwakata wanawake kinembe, akidai kwamba anawaponya kifafa na wasiwasi wa neva. Alichapa kitabu juu ya "mafanikio" yake mwaka wa 1866. Mwaka uliofuata chama cha madaktari wa uzazi cha London kilimfukuza, kwa sehemu kubwa kwa sababu aliwakata wanawake bila ridhaa yao na bila waume zao kujua. Wale wanaodhani ukeketaji ni habari ya vijiji vya Afrika peke yake wangefaa kuifahamu kesi hiyo: mkataji alikuwa na shahada, na kazi ilifanyika ndani ya hospitali ya mji mkuu wa dola kubwa kuliko zote duniani wakati huo.

Na haikuwa mambo ya ngono tu. Mwaka wa 1851, daktari Samuel Cartwright wa Louisiana alitangaza kwamba amegundua ugonjwa wa akili unaowafanya watumwa weusi watoroke mashamba ya mabwana zao. Akaupa jina la Kigiriki, drapetomania, na akaeleza tiba yake, ambayo ni pamoja na viboko. Kwa Cartwright, mtumwa mwenye afya njema ni yule anayetulia. Jina la Kigiriki liliifanya hofu ya wenye mashamba ionekane kama elimu.

Neno linazaliwa

Katikati ya karne ya 19 mahakama za Ujerumani zilianza kuwauliza madaktari swali jipya: je, mtu huyu aliyekamatwa ana akili timamu? Kama ni mgonjwa, hawezi kuhukumiwa kama mhalifu. Swali lilionekana la huruma, na kwa kiasi fulani lilikuwa hivyo kweli. Lakini lilimtoa mtu mikononi mwa hakimu na kumkabidhi kwa daktari, na daktari hakuangalia tendo tena. Aliangalia maisha yote: utoto wake, ndoto zake, sauti yake, mama yake.

Wa kwanza kupaza sauti hakuwa daktari. Karl Heinrich Ulrichs alikuwa mwanasheria kutoka Hanover. Tarehe 29 mwezi wa nane 1867, mjini Munich, alisimama mbele ya wanasheria wenzake wapatao 500 kuomba kwamba sheria za kuwaadhibu wanaume wanaopenda wanaume zifutwe, kwa sababu wamezaliwa hivyo. Walimzomea hadi akashuka jukwaani. Miaka miwili baadaye mwandishi mmoja aliyeishi kati ya Hungaria na Ujerumani, Karl Maria Kertbeny, alichapa bila kutia jina lake kijitabu dhidi ya sheria hiyo, na humo akatumia neno alilolibuni mwenyewe, ambalo leo liko katika karibu lugha zote za Ulaya: homoseksuali. Kwa hiyo neno lilianza kama silaha ya mtu aliyekuwa anatetea. Madaktari waliliokota baadaye.

Wakati uleule, Carl Westphal, daktari wa akili katika hospitali ya Charité mjini Berlin, aliandika juu ya mwanamke mmoja aliyevutiwa na wasichana tangu utoto. Aliiita hali hiyo hisia ya kijinsia iliyo kinyume. Kisha, mwaka wa 1886, kikatoka kitabu kilichoipanga mada yote kama duka la dawa linavyopangwa: Psychopathia Sexualis, cha Richard von Krafft-Ebing, daktari aliyefundisha Graz na baadaye Vienna.

Krafft-Ebing alikikusudia kitabu chake kwa madaktari na mahakimu, na sehemu nzito aliziandika kwa Kilatini ili watu wa kawaida wasizielewe. Watu wa kawaida walikinunua hata hivyo. Kilitoka matoleo mengi kabla hajafa, kila mara kikiwa kinene zaidi. Ndicho kilichoeneza maneno kama sadisti na masokisti. Hilo la pili alilitoa kwenye jina la mwandishi wa riwaya, Leopold von Sacher-Masoch, aliyekuwa bado hai na ambaye hakufurahi kuliona jina la ukoo wake likigeuzwa ugonjwa.

Kipimo chake kilikuwa kimoja: ngono ni kwa ajili ya kuzaa. Kila hamu isiyoelekea kwenye kuzaa iliingia kwenye orodha. Chanzo cha upotovu, kwa maoni yake, kilikuwa kuoza kwa damu ya ukoo, nadharia aliyoitoa kwa Mfaransa Bénédict Morel, kwamba ulevi au wazimu wa babu huzidi kuharibika kutoka kizazi hadi kizazi. Sayansi ya leo imeitupa nadharia hiyo. Orodha ilibaki.

Jambo la kushangaza ni barua. Watu walioisoma orodha walianza kumwandikia Krafft-Ebing wenyewe: wafanyabiashara, maafisa, watu wenye kazi na heshima zao. Wengi walimwambia kwamba si wagonjwa, kwamba kinachowatesa ni polisi, wadai rushwa na aibu. Yeye alizichapa barua hizo kama "kesi", moja baada ya nyingine. Mwaka wa 1901, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, aliandika katika jarida la daktari Magnus Hirschfeld wa Berlin kwamba mtu anaweza kuwa na hali hiyo na akili yake ikawa nzima. Makala hiyo ilisomwa na wachache, huku kitabu kikiendelea kuuzwa.

Watu wanaoitwa Azande

Krafft-Ebing na wenzake waliamini kwamba wanaeleza maumbile ya binadamu wote. Kumbe walikuwa wanaeleza mji wa Ulaya wa wakati wao. Mfano mmoja unatoka karibu: Azande, wanaoishi katika Uele kaskazini mwa Kongo, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard aliishi kwao, upande wa Sudan, mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka wa 1970 alichapa aliyosimuliwa na wazee. Zamani, kabla ya utawala wa wakoloni, watemi walioa wake wengi na vijana walikawia kupata mke. Katika majeshi ya mfalme, askari ambaye hajaoa aliweza kumwoa kijana wa kiume. Alitoa mahari kwa wazazi wake, akawaita wakwe na kuwafanyia kazi kama mkwe mwingine yeyote. Kijana alimhudumia nyumbani. Alipokua, naye akawa askari na kuoa. Wengi waliishia kuoa wanawake na kupata watoto. Evans-Pritchard aliandika kwamba alipofika, desturi hiyo ilikuwa imekwisha kutoweka.

Habari hii haina maana kwamba Azande wa zamani walikuwa na "haki za binadamu" kama zinavyozungumzwa leo. Kijana hakuwa sawa na askari, na hakuna aliyeandika kama aliulizwa. Inachoonyesha ni kwamba jamii hiyo ilikuwa na maswali yake: je, mahari imetolewa, wazazi wameheshimiwa, umemgusa mke wa mtemi? Kosa hilo la mwisho liliweza kumfanya mtu akatwe viungo. Swali la kama mtu huyo ni mgonjwa wa akili halikuwepo kabisa.

Tiba ambazo ziliumiza

Huko Ulaya, swali hilo lilizidi kuwa kali. Hirschfeld alifungua taasisi yake ya elimu ya ngono mjini Berlin mwaka wa 1919. Tarehe 6 mwezi wa tano 1933, wanafunzi wafuasi wa Hitler waliivamia, na siku nne baadaye vitabu vyake vilichomwa moto hadharani. Chini ya utawala wa Nazi wanaume wapatao 100,000 walikamatwa kwa kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani, na maelfu walipelekwa kambini. Katika kambi ya Buchenwald, mwaka wa 1944, daktari Mdenishi Carl Værnet aliwapasua wafungwa na kuwapandikizia homoni ili "wapone". Baada ya vita alikimbilia Argentina na hakuwahi kufikishwa mbele ya mahakama.

Ingekuwa rahisi kusema hayo ni ya Hitler. Lakini Uingereza, iliyompiga Hitler, ilikuwa na yake. Alan Turing, mtaalamu wa hesabu aliyesaidia kuvunja siri za mawasiliano ya jeshi la Ujerumani, alikamatwa mwaka wa 1952 kwa uhusiano wake na mwanaume. Alipewa kuchagua: gereza, au homoni za kike za kuua hamu yake. Alichagua homoni. Tarehe 7 mwezi wa sita 1954 alikufa kwa sumu ya sianidi akiwa na miaka 41, na uchunguzi wa wakati huo ukasema alijiua. Malkia alimpa msamaha mwaka wa 2013.

Wengine walipitishiwa umeme mwilini huku wakionyeshwa picha za wanaume, au walipewa dawa ya kutapisha kwa lengo hilohilo. Waliofanya hivyo walikuwa madaktari wa kawaida, wengi wao wakiamini kwamba wanasaidia.

Sigmund Freud, ambaye wengi walidai kumfuata, hakuwa na maoni hayo. Mwaka wa 1935 alimjibu mama mmoja Mmarekani aliyemwandikia kwa wasiwasi juu ya mwanawe, akamwambia kwamba hali hiyo haileti faida lakini si jambo la kuonea aibu na haiwezi kuitwa ugonjwa. Wafuasi wake wa Marekani walikwenda upande mwingine. Mwaka wa 1962, Irving Bieber na wenzake walitoa kitabu juu ya wanaume 106 wanaopenda wanaume, wakasema chanzo ni mama anayemng'ang'ania mtoto na baba aliye mbali. Kwa miaka mingi baada ya hapo, akina mama wengi waliishi wakijilaumu.

Wanaume hao 106 walitoka wapi? Wote walikuwa wagonjwa waliokuwa wanatibiwa. Ni kosa lilelile la punyeto, karne mbili baadaye.

Mwanamke aliyeangalia nje ya hospitali

Evelyn Hooker alikuwa mwanasaikolojia akifundisha Los Angeles. Mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake, aliyekuwa amejenga urafiki na mwalimu huyo na mume wake, alimwambia kwamba ni wajibu wake kama mwanasayansi kuwachunguza watu kama yeye na marafiki zake, watu ambao hawajawahi kwenda kwa daktari wa akili wala kufungwa.

Hooker alipata fedha za utafiti kutoka taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili. Alichagua wanaume 30 wanaopenda wanaume na 30 wanaopenda wanawake, akawalinganisha wawili wawili kwa umri, akili na masomo. Kwa kuwa jina likivuja mtu angeweza kukamatwa, alifanya kazi hiyo nyumbani kwake na si chuoni. Aliwapa vipimo vilivyotumika sana wakati huo, pamoja na kile cha Rorschach cha madoa ya wino, ambacho madaktari walidai kinaweza kumtambua mara moja mtu wa namna hiyo.

Kisha akayachukua majibu bila majina, akawapelekea wataalamu watatu mashuhuri. Mmoja wao, Bruno Klopfer, alikuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa kipimo cha Rorschach. Aliwaomba watenge majibu ya hawa na ya wale. Hawakuweza. Walikisia kama mtu anayerusha sarafu. Na walipopima nani ana afya njema ya akili, makundi yote mawili yalitoka sawa.

Aliyatangaza matokeo hayo mwaka wa 1956 na kuyachapa 1957. Kitabu cha magonjwa hakikubadilika. Toleo la 1968 lilirudia yaleyale.

Kura

Kilichobadilisha mambo kilikuwa kelele. Frank Kameny, mwanaastronomia aliyefukuzwa kazi serikalini mwaka wa 1957 kwa sababu ya kupenda wanaume, na Barbara Gittings wa Philadelphia walikuwa wameelewa jambo ambalo hata wenzao wengi hawakulielewa: mwajiri, hakimu na padri, wote walijificha nyuma ya daktari. Ikiwa daktari ameandika "mgonjwa", nani atampa mgonjwa kazi ya serikali au kumwachia watoto wake? Mwaka wa 1970 wanaharakati waliuvuruga mkutano wa APA mjini San Francisco. Mwaka wa 1971, mjini Washington, Kameny alinyakua mikrofoni. Mwaka wa 1972 walipewa meza rasmi, na Gittings akatafuta daktari atakayezungumza kama mtu wa ndani. Aliowauliza walikataa mmoja baada ya mwingine, mpaka Fryer akakubali kwa sharti la kinyago.

Robert Spitzer, daktari kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa katika kamati ya orodha ya magonjwa. Hakuwa upande wao mwanzoni. Mwaka wa 1973, wakati wa mkutano wa Honolulu, mwanaharakati mmoja alimpeleka kwenye baa ambako madaktari wa akili wanaopenda watu wa jinsia yao walikuwa wanakutana kwa siri. Spitzer alikuta humo wakuu wa idara na watu aliowaheshimu. Kwa miaka mingi chama kizima kilikuwa kimeandika juu ya watu waliokuwa wameketi nacho meza moja.

Aliporudi alijiuliza ugonjwa wa akili ni nini hasa, na jibu lake likawa msingi wa uamuzi: ni hali inayomletea mwenyewe mateso, au inayomzuia kuishi na kufanya kazi na wenzake. Kupotoka kutoka kile kilichozoeleka hakutoshi. Tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 1973, viongozi wa APA walipiga kura: 13 ndiyo, hakuna hapana, wawili walijizuia. Wapinzani, Bieber akiwemo, walidai wanachama wote waulizwe. Mwaka wa 1974 matokeo yalikuwa 5,854 kwa 3,810, uamuzi ukabaki. Wanaharakati walitania kwamba mamilioni ya Wamarekani wamepona kwa usiku mmoja.

Tangu siku hiyo wapo wanaosema kwamba sayansi haipigiwi kura. Wana hoja, lakini nusu tu. Mwaka wa 2006 wanaastronomia walipiga kura mjini Prague juu ya kama Pluto ni sayari, na Pluto yenyewe haikusogea. Kura haisemi kitu kipo au hakipo. Inasema tukiweke kwenye kundi gani. Na waliolalamika juu ya namna ugonjwa ulivyotoka hawakuwahi kulalamika juu ya namna ulivyoingia, bila kipimo hata kimoja cha watu wa kawaida.

Kipimo cha Spitzer hakikufuta kila kitu. Hamu ya mtu mzima juu ya mtoto iko kwenye orodha hadi leo, kwa sababu mtoto hawezi kutoa ridhaa na huumizwa. Toleo la mwaka 2013 lilifanya tofauti hiyo iwe wazi: hamu isiyo ya kawaida peke yake si ugonjwa, mpaka imtese mwenyewe au imdhuru mtu ambaye hakuridhia. Wanaosema kwamba kufungua mlango mmoja ni kufungua yote hawajausoma ukurasa huo.

Mkia wa habari

Ugonjwa haukutoka kwa siku moja. APA iliacha nyuma jina jingine kwa wale wanaoteswa na hali yao, na jina hilo likafutwa mwaka wa 1987. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake tarehe 17 mwezi wa tano 1990. Orodha hiyo ndiyo ambayo madaktari wa Kongo huiita kwa Kifaransa CIM, na toleo lake la 11, lililoanza kutumika tarehe 1 mwezi wa kwanza 2022, ndilo lililosafisha mabaki ya mwisho. Hilo ni jambo la hospitali. Sheria ni jambo lingine: Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 40, inasema ndoa ni kati ya watu wa jinsia tofauti, na hakuna orodha ya daktari inayoweza kubadilisha hilo. Lakini daktari anayemwambia kijana au wazazi wake kwamba ana ugonjwa wa akili unaotibika, anasema kitu ambacho vitabu vya kazi yake vimekifuta.

Spitzer mwenyewe aliteleza. Mwaka wa 2003 alichapa utafiti uliodai kwamba baadhi ya watu wenye nia kubwa wanaweza kubadilika kwa tiba. Alikuwa amewapigia simu watu 200, wengi wao waliotafutwa kupitia vikundi vya dini vinavyohubiri tiba hiyo, akayaamini maneno yao. Lilikuwa tena kosa la kuchagua nani wa kuuliza, safari hii likifanywa na mtu aliyelisahihisha. Vikundi hivyo vilibeba utafiti huo duniani kote. Mwaka wa 2012, akiwa mzee na mgonjwa wa Parkinson, aliandika barua akikiri kwamba utafiti haukuwa na msingi, na akawaomba radhi waliopoteza miaka yao wakijaribu kupona. Alikufa mwaka wa 2015.

Fryer aliendelea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia. Baada ya Dallas alishughulika zaidi na wagonjwa wanaokaribia kufa na familia zao, na siku za Jumapili alipiga kinanda kanisani. Alikufa mwaka wa 2003. Wengi wa madaktari waliomsikiliza siku ile hawakujua kwa miaka 22 kwamba walikuwa wanasalimiana naye kila mwaka kwenye mkutano.